Tangazo la Unga wa Macho

Machi 4

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni koo tu linalolalamika, na kwa kazi hii ya kusoma matangazo lisipolalamika ndipo niwe na wasiwasi. Wewe je, hujambo? Macho yanaendeleaje? Matone unatia kweli, au unayatazama tu pale juu ya kabati?

Jana nimecheka peke yangu watu wakanishangaa. Yaani Shangazi anatuma kwenye kundi la ukoo kwamba ukilala na kitunguu ndani ya soksi kinanyonya sumu mwilini, na wewe unamuuliza kitunguu kimejuaje ipi sumu na ipi damu! Sasa kaninunia mimi, eti nimekurithi ubishi.

Studio yetu ni ileile, chumba cha kujibana, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Nimesoma tangazo la rangi ya nyumba na la sabuni. Siku hizi bosi anapata pia kazi za mtandaoni, fupi fupi. Nasoma ninachopewa, naenda zangu.

Jitunze, Baba. Matone!

Mwanao,
Chiriku

Machi 21

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Nashukuru kusikia u mzima. Hilo koo lipe maji ya moto na likizo, hujaolewa na studio.

Mimi sijambo. Daktari wa macho kanipima tena. Anasema presha ya macho imetulia, na itaendelea kutulia nikitia matone asubuhi na jioni maisha yangu yote. Kilichokwisha potea hakirudi, tunalinda kilichobaki. Yanawasha kama pilipili, lakini natia. Bila macho mimi ni fundi redio wa nini? Bado naona waya mwembamba, bado naweka lehemu ya moto pale ninapotaka, na redio zikiingia bubu zinatoka zinaimba.

Shangazi yako mwache. Sasa kahamia kwenye ndimu. Mimi nilikwisha kufundisha tangu ukiwa mdogo: ukisikia habari ya dawa, uliza nani kasema, kapima kwa akina nani, na anauza nini. Hapo kwenye la tatu wengi huaga na kuondoka.

Lile tangazo la rangi nimelisikia hapa hapa kibandani, kwenye redio ya mteja niliyokuwa najaribu. Nikapandisha sauti. Nikamwambia, huyo ni binti yangu. Akasema hatufanani sauti, nikamwambia ashukuru Mungu.

Baba yako

Mei 6

Chiriku wangu,

Hujambo, mwanangu? Kazi? Koo limepona? Mimi leo nimejaa furaha, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi.

Nimekusikia! Shangazi katupia video kwenye kundi, tangazo la unga wa majani, dawa ya macho. Picha ni ya mzee fulani mwenye kipara, simjui, na sauti wameiharakisha na kuifanya nyembamba. Lakini mimi nimeishi nikisikiliza sauti za watu kwenye spika zilizopasuka. Wangekuficha wapi nisikujue? Ukasema: "Baba yangu ni fundi redio. Presha ya macho ilikuwa inammaliza. Katia matone mpaka kachoka. Leo anatunga uzi kwenye sindano bila miwani." Ukasema tena kwamba matone yaachwe kwanza, maana yanaupunguzia unga nguvu.

Nikakaa chini. Wengine walipokuwa wanabishana kwenye kundi, mimi nikaanza maswali yangu, nani kasema? Nikaishia hapo hapo. Kasema mwanangu.

Nimekuelewa, mjanja wewe. Ungeniletea habari ya unga ana kwa ana ningekucheka wiki nzima, ukaamua unipitie kwa nyuma, unifikie kupitia kwa Shangazi. Na tayari umewatangazia watu kwamba nimepona, wakati hata sijaonja! Sawa, sitakuangusha. Nimeagiza, umefika, naunywa, na matone nimeyaweka pembeni kama ulivyosema.

Niambie kitu kimoja tu, maana kwenye video hukusema. Unakorogwa na maji ya uvuguvugu au ya baridi?

Baba yako mwenye furaha

Juni 2

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo kabisa. Nisamehe nimechelewa kujibu, kazi zimenibana, mpaka chakula nakula nimesimama.

Nimefurahi umenisikia. Habari ya unga tutaongea vizuri nikija. Maji yoyote ni sawa tu, ya uvuguvugu au ya baridi. Ila kliniki usiache kwenda ukipata nafasi.

Wasalimie wote. Nitaandika kwa kirefu kazi zikipungua.

Mwanao,
Chiriku

Agosti 17

Mwanangu,

Hujambo? Ulisema utaandika kwa kirefu, nikangoja. Sasa nakuandikia mimi, na ukiona mistari inapandana usishangae, naandika huku nimegeuza shingo kama kuku.

Kwanza nilidhani ni balbu ya kibandani. Nikabadilisha balbu. Kisha nikaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango, mlango wangu mwenyewe niliouweka kwa mkono wangu. Siku niliyoweka lehemu juu ya kidole gumba badala ya waya, nikafunga kibanda nikaenda kwa daktari.

Jicho la kushoto limekwenda. La kulia naona kama ninayechungulia kwenye bomba. Daktari hakunifokea, afadhali angenifokea. Kaniuliza taratibu ni nani aliyenishauri niache matone. Nikamwambia ni mtu wa mtandaoni. Hata pale nilikuficha.

Nikarudi nyumbani nikijipa moyo. Nikasema labda na wewe umedanganywa, maskini, labda mwanangu naye kaamini. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia usije ukaumia. Unaona ujinga wangu?

Kisha Shangazi katuma video nyingine. Dawa ya magoti. Sauti ni yako, na baba yako safari hii ni mkulima, alikuwa hawezi kuinama na sasa anacheza mpira. Jumapili akatuma ya tatu, dawa ya sukari. Hapo baba yako amekufa. Alichelewa kuinunua. Nimejisikia nimekufa, Chiriku, na umenililia vizuri, mpaka Shangazi kaandika chini yake "poleni wafiwa".

Nina swali moja na nataka jibu lake. Nilipokuuliza habari ya maji, ulikuwa unajua kwamba ule unga ni uongo?

Baba yako

Agosti 30

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa sakafuni. Sijui hata nikuulize hali kwa maneno gani. Pole, Baba. Pole sana sana.

Ndiyo, nilijua. Yaani nilijua hakuna aliyepima chochote. Bosi aliniambia karatasi yake ya tangazo ni kavu, niongeze kitu cha kwangu ili watu waamini, na kitu changu ni wewe tu. Nilikusema wewe kwa sababu ninapokutaja sauti yangu inakaa sawa yenyewe, sihitaji kuigiza. Habari ya kuacha matone ilikuwa kwenye karatasi, niliisoma kama ilivyo.

Sikuwaza kabisa kama utaamini. Wewe! Wewe uliyembana Shangazi kwa kitunguu! Nilisema hata ukiiona utacheka. Barua yako ya Mei ilipofika nikapigwa na butwaa. Nikaona aibu. Nikasema utaunywa siku mbili, utaona haufanyi kitu, utarudi kwenye matone mwenyewe, na mimi sitalazimika kusema. Siku zikapita na kila siku ikawa vigumu zaidi.

Nimeacha kazi ile. Nakuja, Baba. Nitakaa na wewe, nitakuwa macho yako, nitakutia matone kwa mkono wangu. Tafadhali fungua zile sauti ninazokutumia kwenye simu. Zote nalia tu.

Mwanao

Septemba 14

Mwanangu,

Hujambo. Anayeandika ni mshonaji wa mlango wa pili, ndiye aliyenisomea na barua yako. Tulifika katikati akataka kuacha kwa kunionea huruma, nikamwambia amalize.

Unasema hukuwaza kama nitaamini. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba nimeamini, na nimeacha matone. Ulikuwa na barua yangu mkononi, jicho langu lilikuwa bado lipo. Ukanijibu maji yoyote ni sawa.

Ungeniandikia neno moja tu, "tapika", ningetapika. Ningekutukana kidogo, tungecheka, ningekuwa kibandani sasa hivi. Mtu mwingine yeyote wa mtandaoni nisingemsikiliza hata akilia damu, na wewe ulilijua hilo kuliko mtu yeyote. Uliniuma palepale nilipokuwa sijajifunika.

Kibanda nimefunga. Matone natia, Shangazi yako anakuja kunisaidia asubuhi na jioni, na tangu alipojua yaliyonipata hajatuma kitu kwenye kundi.

Kuja njoo, hapa ni kwenu, mimi si baba wa kufunga mlango. Lakini sitaki uwe macho yangu. Na usinitumie tena sauti kwenye simu. Zile ulizotuma sijazifungua, wala sitazifungua, kwa sababu nikikusikia unalia nitakuamini, na sijui tena kama ni kweli au ni tangazo.

Ukiwa na neno, liandike kwenye karatasi. Mshonaji atanisomea. Sauti yake bado siijui vizuri, kwa hiyo nitasikiliza kila neno na kuuliza maswali yangu yote matatu.

Baba yako