Kiti cha Kinyozi Kingali Majini

Mwaka umetimia, Mzee Fundo, tangu utuachie kamba mikononi ukaenda zako.

Watoto walitaka tuandike kwamba ulikuwa mpole. Mkeo akasema tuandike ukweli: ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa aliyefunga kamba ovyo.

Kiharusi kilikulemaza upande wa kushoto ukiwa umeshapanga kuvuka ziwa kwa tanga. Daktari akakukataza kugusa mashua tena. Ulimwitikia vizuri, ukamshukuru, na kufika tu nyumbani ukamtuma mkeo kwa kinyozi akaulizie kile kiti chake kibovu. Mkeo alidhani ugonjwa umepanda kichwani.

Mwanao fundi bomba alikifunga katikati ya mashua, kamba zote mkazileta kulia, kwenye mkono wako mzima. Ukavuka, ukarudi, gati zima vigelegele. Ulishuka kichwa kimevimba kwa sifa.

Ndipo jirani yetu fundi cherehani, aliyekatwa mkono wa kulia tangu utotoni, akapanda akakikalia kiti, akatazama huku na huku. "Shemeji," akasema, "hii umejitengenezea wewe na kiharusi chako. Mimi nishike kwa meno?"

Ulinuna kutwa. Kesho yake ukafumua kila kamba na kuanza upya: zivutike kulia na kushoto, kiti kizunguke, na ubao wa kupandia upitishe kiti cha magurudumu. Fundo halikaziki kwa mkono mmoja, kwa hiyo mkeo alikushikia ncha ya pili, kamba baada ya kamba. Siku hiyo hukumkaripia hata mara moja.

Wakaanza kuja wengine wenye ulemavu, kila mmoja akitaka zamu. Yule mwalimu asiyeona akawa anakuambia upepo umegeuka kabla tanga halijajua.

Ulipoondoka, watu waliuliza mashua itauzwa lini. Jibu wamelipata wiki iliyopita. Fundi cherehani alikalia kiti chako, mwalimu akashika tanga, na mbele aliketi mkeo, mwenye magoti mabovu, ambaye miaka yote alikuwa anakusindikiza mpaka gatini tu, kwa kuogopa maji. Katikati ya ziwa upepo ukakaza. Fundi cherehani akamrushia kamba: "Haya dada, zamu yako."

Mkeo akavuta. Fundo lilikuwa lako; halikulegea. Tulivuka.

Tunaokukumbuka ni mkeo, mwanao fundi bomba, bintiyo muuguzi, wajukuu, na wote uliowapandisha mashuani.

Kukusahau hatujui, wala hatutajifunza.