Mialoni ya Shanga

Tremé, New Orleans
17 Januari 1999

Kaka yangu mpendwa Lionel,

Salamu nyingi zikufikie huko Houston, wewe na wifi yangu Nadine. Natumaini baridi haijakukamata kifua kama kawaida yako. Sisi hatujambo. Baba anakula, anabishana, anawafokea wachezaji kwenye redio. Kwa hiyo ujue ni mzima.

Nina habari ndefu, hebu kaa kitako.

Mwezi wa kumi alikuja mama mmoja wa makumbusho ya mjini, Bi Thibodeaux. Aliomba vazi la Baba la Kanivali, walitundike ndani ya kioo ili watu waione historia ya Marekani. Unamjua Baba. Alimwambia, "Mama, vazi la manyoya lisilocheza ni kuku aliyechinjwa. Ukitaka historia, njoo barabarani Jumanne ya Kanivali, na uvae viatu vya kukimbilia." Mama wa watu akacheka, wala hakuondoka. Nilikuwa nimepika maharage mekundu. Akaketi, akala, akaomba aongezwe. Kisha akamuuliza Baba mwaka huu atashona picha gani ya shanga kifuani pa vazi.

Baba akasema, "Claiborne."

Wewe na mimi tumekulia chini ya ile barabara ya juu. Kwetu Claiborne ni nguzo za zege na kelele za malori. Kumbe Baba alikuwa na Claiborne nyingine kichwani miaka yote hii! Tangu siku ile, tukishakula, ananisimulia mtaa nyumba kwa nyumba: mialoni iliyojipanga katikati ya barabara, familia zikitandika vitambaa vivulini, fundi wa suti aliyeimba huku akikata nguo, na nyumba ya bibi yetu Eulalie yenye mlango wa bluu.

Asubuhi walipokuja kukata miti ili wajenge ile barabara ya juu, Bibi alitoka na kiti chake akaketi chini ya mwaloni wa mbele ya mlango, akasema wamkate yeye kwanza. Polisi wawili wakambeba na kiti chake. "Hawakumtupa," Baba aliniambia. "Walimweka chini taratibu, kama watu wanaoomba radhi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi."

Nilimuuliza mbona hakutuambia. Akajibu kwamba hakutaka tukue tunalilia miti ambayo hatukuwahi kuikwea.

Bi Thibodeaux aliporudi na kumwona Bibi kifuani pa vazi, ameketi kwenye kiti chake, yeye na kiti shanga tupu, machozi yalimtoka. Baba akamwambia, "Mama wee, usinilowanishie uzi!" Lakini siku hiyo alilainika. Wamekubaliana kwamba vazi litacheza kwanza, ndipo liende makumbusho, na jina la Eulalie Guillory liandikwe kubwa kuliko la mshonaji.

Sasa, kaka, nifike kwenye lile lililonishikisha kalamu. Macho ya Baba yamekwisha. Hata sindano haioni. Shanga zote nimeshona mimi, yeye anasimulia, kisha anapapasa kwa vidole, na akikuta jani limekaa vibaya ananifokea, "Fumua! Huo mwaloni au kabichi?" Nimefumua sana, Lionel. Lakini mtaa ule sasa naujua, na ningeweza kuupita nimefumba macho.

Kuna na jingine. Nilipoanza kuunganisha mabega kwa vipimo alivyonitajia, niliona ni mapana mno kwake. Nikamwambia, Baba, hili litakumeza. Akajifanya hasikii. Niliporudia, akageukia dirishani na kuniuliza, "Lionel bado ana kile kifua cha babu yake?"

Ni hayo tu. Hajaongeza neno, wala hataongeza. Yale maneno mliyotupiana siku ya mazishi ya Mama hayataji kabisa. Anachotaka ni nishone upana huo.

Hakunituma nikuandikie, na akijua atanuna wiki nzima. Ila nakuambia mimi mdogo wako: vazi hili ni lako. Jumanne ya Kanivali ni tarehe kumi na sita Februari. Ukija, Baba atatembea ubavuni mwako ameshika mkono wako, nawe utamwambia mnapita wapi. Usipokuja, nitapunguza mabega nilivae mwenyewe. Nimeshamwambia. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza kama sauti yangu inafika ng'ambo ya barabara, maana mvaaji ndiye huongoza nyimbo. Nikamwimbia pale pale jikoni. Majirani wakagonga ukuta, naye akasema inatosha kuanzia.

Kwa hiyo Claiborne itapita, kwa miguu yako au yangu. Mimi ningependa iwe yako.

Msalimie sana Nadine, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Verlene

Nitumie kipimo cha kifua upesi. Kama umenenepa, sema ukweli. Shanga za kijani bado zipo, nitaongeza mti.