Nyumba Tuliyoikataa Mutanga Nord

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote naulizia miguu yako. Ile dawa ya kuchua aliyokupa shangazi inasaidia, au bado ukiamka unashika ukuta? Na usingizi, unapata? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Rehema amepanda darasa na sasa ananisahihisha Kifaransa changu mbele ya wateja. Baba yake mzima pia, ila gereji imepoa, kwa sababu mafuta ya gari yamekuwa ya kutafuta, na gari lisilotembea haliharibiki. Mimi niko na vitenge vyangu sokoni kama kawaida.

Barua hii nimempa Mama Asha, yule anayefuata mawese huko kwenu Kigoma, na nimemwomba aitie mkononi mwako, si mwa mtu mwingine. Isome mwenyewe. Macho yakichoka pumzika, kisha uendelee.

Unakumbuka ua wa Mzee Nasoro tunamopanga tangu niolewe, yule mzee wa asili ya Oman mwenye duka la vyombo. Mzee alifariki, Mungu amrehemu, na watoto wake wanagawana urithi. Walikuja kwa adabu, wakatuletea halua, wakatuomba tutafute pengine. Baba Rehema akasema mambo ya kupanga sasa basi, tununue kwetu, na pawe na chumba chako. Mimi nilifurahi nikalia. Sikujua kwamba kutafuta nyumba Bujumbura kutanifanya nimtilie shaka kila mtu, hata yule ninayelala naye.

Huku dalali wa nyumba anaitwa komisioneri. Wetu jina lake Dezire, mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno laini. Kwanza alitupeleka Gatumba, kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kongo. Kwa mimi muuza vitenge pangenifaa, maana wanawake wa biashara wanavuka pale kila asubuhi. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi ya buluu mpya kabisa. Lakini nilipotazama nyumba za majirani, zote zilikuwa na mstari wa udongo ukutani, usawa wa kiuno changu. Ya kwetu tu ndiyo haikuwa nao. Nikaingia nyuma ya mlango, nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba, rangi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nikamuuliza mama jirani aliyekuwa anaanika dagaa kama maji hufika. Akasema nikinunua, ninunue na mtumbwi. Dezire akajibu kwamba maji yale yalikuwa ya zamani. Nikamwambia maji hufuata mkondo, maneno yako hayo, Mama, nikarudi barabarani.

Tangu siku ile nikawa nabonyeza kuta. Baba Rehema alianza kuchoka na mimi.

Ndipo likaja la Mutanga Nord. Mama, kama ungeiona ile nyumba. Mtaa mtulivu, hewa ya mlimani, nyumba haina hata kidaraja kimoja cha kupanda, bomba la maji ndani ya ua, mparachichi nyuma. Nilipoingia nilikuona wewe umekaa barazani umenyoosha miguu. Na bei waliyoitaja ilikuwa ya chini mno kwa mtaa ule. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Dezire akaeleza kwamba mwenye nyumba yuko Ulaya, amemtuma mdogo wake auze upesi. Mdogo mtu, Bwana Venansi, alikuwepo, mtu mnene mwenye kuchekacheka. Dezire akatuomba tusisalimiane na majirani, eti wa pale wana wivu, watatuharibia. Mtaa gani huo, mtu anahamia bila kusalimia jirani?

Nyuma kulikuwa na mwanamke anachambua lengalenga, ule mchicha wa huku. Venansi akasema huyo ni mfanyakazi tu, ataondoka na wao. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua macho. Tulipofika sebuleni palikuwa na giza, mapazia yamefungwa. Venansi akapapasa ukuta huku na huku kutafuta taa, hakuipata. Yule mwanamke akapita nyuma yetu na beseni lake, akanyoosha mkono nyuma ya kabati bila kutazama, taa ikawaka. Akaendelea na safari yake. Mimi nikabaki nautazama ule mkono. Mfanyakazi naye anaweza kujua taa ilipo, najua. Ila kulikuwa na namna alivyofanya, kama mtu anayejifunika nguo yake mwenyewe.

Njiani nikamwambia Baba Rehema kwamba mambo ya pale siyaelewi. Akanijibu, "We usianze."

Mama, mume wangu unamjua, si mtu wa kunikatiza. Na kuanzia hapo akawa anapokea simu nje, akirudi ananiambia ni mteja. Siku moja alichelewa, aliporudi viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, na Buyenzi yetu ni mavumbi meusi ya gereji. Nikajua kuna mwanamke. Nilinusa shati lake, nikakuta girisi tu. Nikajiambia huyo mwanamke basi ni fundi mwenzake, nikacheka peke yangu, kisha sikucheka tena.

Nikaamua nirudi Mutanga peke yangu. Nilifunga vitenge vichache kichwani kama muuzaji anayepita, nikagonga geti. Yule mwanamke akaja, hakufungua. Akaniuliza kupitia kwenye upenyo nani amenituma. Nikasema nimekuja mwenyewe.

"Kila mutu anakuja apa anasema alikuja peke yake," akasema. "Kisha anarudi na Venansi."

Nikamwambia sina undugu na Venansi, nauza vitenge. Akasema ananikumbuka, mimi ndiye mama niliyekuwa nabonyeza ukuta wake. Alisema hivyo hivyo, ukuta wake. Tukasimama hivyo, yeye ndani mimi nje, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Nilimwona mtu anayeweza kuwa ametegwa pale na wale wanaume ili niingie mtegoni. Naye, aliniambia baadaye, aliona nimetumwa nipime kama ameanza kufunga mizigo.

Mwisho akaniuliza mume wangu aliniambia nini kuhusu nyumba ile. Nikamjibu nilichoambiwa, kwamba mwenyewe yuko Ulaya.

"Bwana yako alikuja apa peke yake," akasema. "Nilimuambia yote."

Kisha akafungua geti. Nadhani aliniona uso.

Anaitwa Spesioza. Ndiye mwenye nyumba. Huyo wa Ulaya ni mumewe, na hayuko Ulaya, yuko kaburini, alikufa kwa ajali ya barabarani akirudi kutoka Gitega. Waliandikishwa ndoa komini, yaani ofisi ya serikali, wana watoto wawili wanaosoma, na mparachichi ule aliupanda yeye. Venansi ni shemeji yake. Anadai nyumba ni ya ukoo wao, na mwanamke aliyekuja na begi arudi kwao na begi. Wateja wakija, anamwita mfanyakazi. Nikamuuliza kwa nini anakubali kuitwa hivyo. Akasema siku ya kwanza alikataa, Venansi akamwambia akipiga kelele tena watoto watapelekwa kwa ndugu kijijini. Tangu hapo wateja wakija anachambua mboga.

Nilirudi kwa miguu hadi Buyenzi, sikuona hata njia. Baba Rehema alikuwa anakula. Nikamuuliza alimwona lini yule mama wa Mutanga. Akaweka kijiko chini. Hakukana, Mama, na hilo namshukuru. Udongo mwekundu ulikuwa wa ua wa Spesioza. Alikwenda kuondoa wasiwasi wangu, akausikia ukweli, akaja akaufunika.

"Ile nyumba itauzishwa tu," akasema. "Tukiacha sisi, mutu mwingine atanunua, na ule mama atatoka vile vile. Mama yako ana miguu mibovu. Afazali apate pa kulala."

Alikutaja wewe. Ndiyo sababu nakuandikia haya yote. Aliyosema yalikuwa na ukweli ndani yake, na mimi mwenyewe nilishakuona barazani pale. Nilimwambia tu kwamba huyo mutu mwingine sitakuwa mimi. Akasukuma sahani, akaenda gereji, na tukakaa ndani ya nyumba moja kama wapangaji wawili.

Nilimpeleka Spesioza kwa nyumbakumi, yule kiongozi anayesimamia nyumba za jirani. Aliogopa, nikamshika mkono. Nyumbakumi akawaita watu wa mtaa uani kwake, akamwita Venansi, na Venansi akaja na mama yake mzazi kutoka kijijini, bibi mkavu mwenye fimbo, ili aseme nyumba ni ya ukoo. Na kweli bibi alisema hivyo. Akasema mwanawe alikufa, na mali ya mwanawe irudi kwa waliomzaa. Majirani wakainama. Nikaona tumeshindwa.

Nyumbakumi akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama na Kirundi changu cha sokoni, nikasema mimi ni mgeni, mambo ya ukoo wao siyajui. Ninachojua ni kwamba tulikuja kununua, na Bwana Venansi akatuonyesha mama huyu akatuambia ni mfanyakazi wa nyumbani.

Venansi akaanza kucheka kile kicheko chake. Bibi akamgeukia, akamuuliza taratibu kama ni kweli alisema hivyo. Akajibu ilikuwa maneno ya biashara tu. Bibi akamuuliza tena, mke wa mwanangu, mama wa wajukuu zangu, wewe umemwita mfanyakazi mbele ya wageni? Yule bibi akainuka kwa fimbo yake, akavuka ua polepole, akaenda kukaa kwenye benchi la Spesioza. Spesioza akajifunika uso kwa kitenge chake.

Nilipogeuka nilimwona Baba Rehema amesimama getini na ovaroli yake ya gereji. Sijui alifika saa ngapi.

Mambo hayajaisha. Venansi amekwenda mahakamani, na Dezire akiniona sokoni anavuka barabara. Lakini Spesioza na wanawe wamo ndani, na bibi yuko nao.

Baba Rehema hakuniomba radhi kwa maneno. Siku moja alikuja akaniambia kuna nyumba Mutakura, nikaione mwenyewe, nibonyeze kuta zote, yeye atangoja nje. Ni ndogo kuliko ile. Mtaa una kelele, maduka kila kona, majirani wanasalimiana hadi wanachosha. Kuta ni kavu. Mzee mwenye nyumba akatueleza kila kitu vizuri mno, na vile alivyoeleza vizuri ndivyo nilivyozidi kuingiwa na shaka. Nikamuuliza mkewe yuko wapi. Akasema yuko jikoni. Nikaenda, nikamkuta anasonga ugali, nikamwomba aniambie kwa kinywa chake kama anauza. Akaacha mwiko akanitazama. Akasema amelala katika nyumba ile tangu watoto wake wakiwa wachanga, watu wengi wameuliza bei ya nyumba ile, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye. Kisha akasema ndiyo, anauza, anataka kwenda kukaa karibu na binti yake Rumonge. Tukanunua.

Mama, niliporudi nyumbani maneno ya yule mama hayakunitoka. Chumba chako kiko tayari, kinatazama jua la asubuhi. Lakini habari kwamba umekubali kuhama Ujiji nilizipata kwa kaka Yusufu. Habari kwamba nyumba ya marehemu baba ifungwe au ipewe mtu, kwa kaka Yusufu. Nikipiga simu, simu ni ya kaka, na kaka yuko pembeni. Nakusikia unasema ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Simshuku kaka kuwa ni mwizi, ni damu yangu. Ila nimeona watu wazuri wakinyamaza kwa nia nzuri.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Unataka kuja? Ukitaka, nakuja kukuchukua mimi mwenyewe. Kama hutaki, chumba kitakuwa cha ukija kututembelea, na mimi ndiye nitakayezungumza na kaka. Usimtume mtu anijibu. Mwambie Mama Asha ana kwa ana, yeye ana mdomo wa siri, au andika hata mistari miwili kwa mkono wako, nitaujua.

Nisalimie shangazi wa dawa, na mdogo wangu Mwajuma na mumewe, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani kama bado anafundisha, na jirani yetu Bibi Zaina anayekuchotea maji. Kaka Yusufu naye msalimie sana, pamoja na wifi na watoto. Rehema anakubusu mikono, na mkweo ameniambia niandike kwamba anakusalimia kwa heshima zote. Nimeandika.

Ni mimi bintiyo, wa Ujiji na wa Mutakura,
Mwanaidi