Kibandiko cha maua cha mama mkwe

Shoga, nimechoka. Nimechoka hata kuandika.

Mama mkwe kaniomba nitoboe tundu la kitasa kwenye mlango wa kioo bafuni kwake. Unajua kioo kilichokazwa kwa moto hakitobolewi, na huwa kina alama ya kukitambulisha kwenye pembe moja. Pembe tatu hamna kitu. Ya nne ina kibandiko chake cha maua. Mimi na aibu zangu za ukwe, nikaona nisikibandue.

Nikakimwagia kioo maji, nikaanza na keekee polepole.

PAAA! Mlango mzima, shoga. MZIMA! Chenga tupu mpaka ndani ya ndoo.

Naokota kibandiko, chenga zimeganda nyuma yake. Na alama hiyo hapo, inanitazama.

Mama mkwe: "Nilikiweka kuficha hayo maandishi mabaya, mwanangu."

Miaka kumi na nne fundi vioo. Nikajibu, "Kinapendeza, mama."