Kwa Baba Yetu Evaristi, Kamanda wa Kifaru Namba Tatu

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Julai ulipoomba kikombe cha pili cha chai, ukasema upepo wa leo una meno, kisha ukasinzia kwenye kiti chako cha barazani hapa Malangali usiamke tena. Ulezi umevunwa. Mashine yako ya kusaga bado inanguruma, anaiendesha Loth, na wateja hawachoki kumwambia kwamba kwa mzee unga ulikuwa laini zaidi. Anakasirika, lakini anajua ni kweli.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo kwanza. Ulivyonawa mikono kwa mafuta ya taa kabla ya sabuni. Ulivyoongea kwa sauti ya juu hata kanisani, maana injini za vifaru zilikula sikio lako la kushoto, na Mama akikufinya ukauliza kwa sauti ile ile, "Kwani nimesema nini?" Ulivyousukuma pembeni ugali wa sembe, ukasema huo ni wa wagonjwa, mtu mzima anakula ulezi. Na tulipokuwa tukienda shamba, ulitupanga kama msafara wa jeshi: Victor mbele na majembe, Angela katikati, Loth nyuma na maji, kila mmoja auone mgongo wa mwenzake. Mama alikataa kupangwa. Yeye alitangulia peke yake na ukamwachia.

Wajukuu walikuita Babu Kifaru. Ulikuwa ukiwakalisha kwenye mkeka na bakuli la maharage. Maharage matatu ni platuni, ulisema. Platuni tatu na harage moja la mkuu wao ni kombania, jumla vifaru kumi. Kombania tatu na harage la kamanda ni kikosi, vifaru thelathini na kimoja. Kisha ulichota punje za mahindi, nyingi kuliko maharage, ukazimwaga nyuma yake: haya ni malori ya dizeli, hawa mafundi, hawa wapishi, hawa wajenzi wa madaraja, hili gari la kuvuta kifaru kilichokwama. "Kifaru bila dizeli," ulikuwa ukisema, "ni jiwe la kukalia." Ukawasimulia mlivyoanza wachache, mkijifunza kwa zamu kwenye vifaru vya kuhesabika, mwalimu akisema lugha msiyoijua na mkalimani akitafsiri asichokielewa, hata kombania ikazaa kombania, kikosi kikazaa kikosi, mpaka mkaitwa brigedi. Na kila harage, ulimalizia, lina watu wanne ndani yake. Dereva, mpiga mzinga, mpakiaji na kamanda.

Siku moja Debora, mjukuu wako, akakuuliza wanne wa harage lako walikuwa wanaitwa nani. Ukayakusanya maharage, ukasema ni ya kupika.

Kulikuwa na jambo jingine tuliloliona bila kuliuliza. Ulitengeneza mashine za watu Matai, Laela, kote. Lakini ikiharibika ya Mwimbi, ulimtuma Loth. Mara mgongo unauma, mara pikipiki haina breki. Miaka na miaka Mwimbi hukukanyaga.

Ndipo ikaja siku ile ya foleni, miaka mitatu sasa. Wanawake wawili walikuwa wakigombania zamu pale mashineni, nawe ukazima injini ili uwaamue. Kwa ule ukimya wa ghafla, hata sikio lako likadaka maneno ya mmoja akimwambia mwenzake kwamba ninyi wa ukoo wa mtoro mmezoea kupenya penya. Ukamuuliza, mtoro gani? Akajibu bila ubaya, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana: Benjamini wa Mama Rozina, wa kule Mwimbi. Alivikimbia vifaru wakati wa vita, akaishia ng'ambo ya mpaka, na inasemekana ana wake na watoto huko.

Ulikaa juu ya gunia la mtu. Loth alidhani presha imepanda. Mashine haikuwashwa tena siku hiyo.

Kesho yake, jua lilipopasha baraza, ulimwita Mama na Angela ukawaeleza. Angela ndiye aliyetusimulia sisi wengine, nasi tunaliandika hapa kwa sababu ulituagiza lisifichwe tena.

Ilikuwa kwenye vita vya Kagera, nawe ukiwa kijana wa miaka ishirini na minne, kamanda wa kifaru namba tatu. Asubuhi hiyo mpakiaji wako, Baltazari wa Laela, alikuwa akitetemeka kwa malaria, hajui hata jina lake, ukampakia kwenye gari la wagonjwa. Kifaru namba mbili kilikuwa kimekatika mnyororo, na gari la kuvuta lilikuwa limeshakirudisha karakana pamoja na watu wake. Mmoja wao tu alibaki nyuma kufunga vifaa: Benjamini, kijana wa kwenu, mliyekuwa mkiongea naye Kifipa ili wengine wasielewe. Naye alikuwa mpakiaji. Ukamwambia apande. Akapanda akicheka. Karani wa kombania, mwenye daftari la nani yuko kifaru gani, alikuwa ametangulia na malori ya dizeli. Ukasema moyoni, nitamwambia jioni.

Jioni hiyo haikufika. Mchana kifaru chenu kilikanyaga bomu kwenye kivuko cha mto. Wewe ulikuwa umesimama juu, kiwiliwili nje, ukarushwa majini na mikono imeungua. Watatu waliokuwa ndani hawakutoka. Kilichopatikana kilizikwa pamoja palepale, maana msafara ulikuwa unasonga. Wenzake wa kifaru namba mbili walijua tu kwamba Benjamini alibaki nyuma. Daftari likasema hajulikani alipo, na neno hilo liliposafiri mpaka Mwimbi, lilifika likiwa limegeuka.

Angela alikuuliza kwa nini hukusema. Hukujitetea. "Mwanzoni sikuweza kuongea," ulimwambia. "Nilipoweza, nilidhani wanajua. Baadaye nikaona aibu kuuliza kama wanajua." Ulikuwa unajua kwamba Benjamini amekufa, ndiyo maana uliogopa macho ya mama yake. Hukujua kwamba mama huyo hajawahi kuambiwa.

Mama akasema maneno aliyoyasema kila ulipochelewesha jambo: "Basi vaa viatu."

Mlianzia Laela. Baltazari alikuwa mzee mwenye macho hafifu, anafuga kuku. Miaka yote alijua kuna mtu alikalia kiti chake siku ile, lakini hakuwahi kujua ni nani. Ulipomtajia, alilirudia jina polepole. "Kumbe anaitwa Benjamini," akasema. "Nimemwombea bila jina mpaka leo." Hakuuliza mnakokwenda. Alitafuta fimbo yake akapanda gari.

Kule Mwimbi, Mama Rozina hamkumkuta. Alikuwa ameshazikwa. Mlimkuta Dominika, dada yake Benjamini, akipepeta ulezi uani, mwanamke wa miaka sitini na kitu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mama yake. Alikuamkia, "Shikamoo, kaka," akawapa viti. Ukamweleza yote, kwa sauti yako ile ya juu, na kwa mara ya kwanza Angela alikuona ukijitahidi kuishusha.

Dominika alisikiliza bila kuacha kupepeta. Ulipomaliza, aliweka ungo chini. Akasema mama yake hakukubali kamwe kumsomeshea Benjamini misa ya marehemu, kwa kuwa alikuwa akimngoja, na kila Krismasi alimwekea sahani. Akasema yeye mwenyewe alikuwa ameshaposwa, na ukoo wa bwana harusi uliposikia habari za mtoro ukairudisha posa. Baada ya hapo hakuja mwingine. Aliyasema haya kama mtu anayeonyesha mipaka ya shamba. Halafu akakutazama.

"Mama amekufa mwaka juzi," alisema. "Ungekuja mwaka juzi."

Kuku walipita. Baada ya muda Dominika akauliza jambo moja tu, kama siku hiyo kaka yake alikuwa na njaa. Ukamwambia hapana, mlikula pamoja asubuhi, muhogo wa kuchoma, naye alikumegea sehemu kubwa akisema kamanda ana kichwa kikubwa. Hapo Dominika akajifunika uso kwa khanga. Alipoufunua, alikwambia kwamba yeye hahitaji kuambiwa uani. Walimwita dada wa mtoro mbele ya watu, basi na hili lisemwe mbele ya watu.

Jumapili, kanisani kule Mwimbi, baada ya matangazo, katekista alikupa nafasi. Victor alikuwa amekuletea koti lenye medali, ukakataa kulivaa. Ulisimama na shati lako la mashineni, safi lakini lenye doa la grisi. Ukawaeleza jinsi kifaru kinavyokaliwa, dereva mbele, mpiga mzinga kushoto, kamanda juu. "Mpakiaji hana kazi ya kuangalia nje," ulisema. "Yeye anapakia tu, na anamwamini aliye juu. Benjamini aliniamini mimi. Hakukimbia. Nilimtoa kwenye kifaru chake, nikamweka kwenye changu, nikaacha kumwandikisha. Mliyoyasema juu yake miaka yote hii yametoka kwenye uzembe wangu."

Baltazari akasimama kwa fimbo yake. "Kiti kile kilikuwa changu," akasema, akakaa.

Mzee mmoja wa ule ukoo ulioondoa posa alivuka kanisa zima kwenda kumpa Dominika mkono. Dominika aliupokea. Pale mlangoni, wewe ulipomkaribia, alikwambia kwamba leo umemrudisha kaka yake, ila mama yake huwezi kumrudisha. Ulijibu neno moja: "Najua."

Misa ya Benjamini ilisomwa mwezi uliofuata. Msalaba wa chuma uliouchomelea mwenyewe ukasimikwa kando ya kaburi la Mama Rozina. Ndipo ulipokaa na Angela mkaandika barua jeshini, mkaiandika upya mara nne, kwa kuwa kila mara ulitaka kosa lako lionekane mapema zaidi, likafika mpaka mstari wa kwanza.

Halafu, Baba, lilitokea jambo lililokufurahisha kuliko yote ya uzee wako. Siku moja Dominika alitokea kwenye foleni ya mashine na debe lake la ulezi. Alikuwa amepita mashine kadhaa njiani. Ulitaka kumtanguliza, akakukatalia, akasema atangoja kama wengine. Tangu hapo alikuja karibu kila mwezi. Alikula kwetu, akagombana nawe juu ya mbegu za mahindi, naye kwa kuwa hukumsikia akajifunza kupaza sauti, mpaka majirani wakawa wanauliza mna kesi gani. Mama anasema miaka hiyo miwili ya mwisho ulilala usingizi ambao hajawahi kuuona kwako tangu umwoe.

Jibu la barua yako lilifika Novemba, miezi minne baada ya kukuzika. Tulilipeleka Mwimbi bila kulifungua. Dominika alitupeleka makaburini, akamwambia Angela asome. Barua ilisema Benjamini ameandikwa miongoni mwa waliokufa vitani, mpakiaji, kifaru namba tatu, na kwamba maneno "hajulikani alipo" yamefutwa. Dominika akasema, "Soma tena." Angela alisoma mara tatu. Ya tatu ilisomwa kwa sauti ya juu, kama yako.

Tulipokuwa tunaandaa tangazo hili, tuliwauliza ndugu na marafiki nani angependa jina lake liwemo. Dominika alijibu siku hiyo hiyo. Alisema aandikwe, lakini asiandikwe chini kwa marafiki.

Unakumbukwa na mke wako Bertilla. Watoto wako Victor, Angela na Loth. Wadogo zako Dominika wa Mwimbi na Baltazari wa Laela. Mjukuu wako Debora na wajukuu wenzake wote.

Pumzika, Baba. Siku zote tutakuwa nawe mioyoni.