Maji ya Debe Kwenye Mfereji wa Igawa

Igawa, Jumatatu

Dada Mwanaidi,

Kamwene dada. Hapo Mlandege mmeamkaje, na jicho la mama linamsumbua bado? Mimi mzima, ila nimechoka, mgongo haunyooki.

Barua yako nimeipata. Nimeona mama anapelekwa hospitali ya Tosamaganga Ijumaa kupasuliwa jicho, na anataka mimi ndiyo nimshike mkono. Ruhusa niliomba. Nyapara akasema haondoki mtu mpaka mfereji upitishe maji bila kuvuja.

Dada, mfereji huu umetutesa. Tuliugawa palepale mdomoni, maji yanapotoka mtoni: njia tatu za mashamba matatu, zote zinaanzia hapo. Ukitaka kujaribu moja, lazima ufungulie mto. Mara mbili tumefungulia, mara mbili kingo zote zimebomoka, na hakuna aliyejua pameanzia wapi kuvuja. Kila mtu ana kipande chake, na kila mtu anasema pamevuja kwa mwenzake. Lusekelo, Mnyakyusa ninayelala naye chumba kimoja, ananiambia, "Nyie Wahehe mnachimba kama mnazika mtu."

Mimi sisemi, unanijua. Lakini nilikuwa naangalia. Juma lililopita nikamwambia nyapara polepole: mdomoni tuweke mlango mmoja tu, kazi yake kufungua na kufunga, basi. Mbele yake tuchimbe kidimbwi, njia zigawanyike humo. Tukitaka kujaribu tunamimina maji ya debe kwenye kidimbwi, njia moja moja, mto umefungwa.

Akaniangalia. "Kumbe unaongea."

Tumechimba siku tatu. Leo tukajaribu. Njia ya kwanza maji yakafika shambani. Ya pili yakafika. Ya tatu yakaishia katikati, yanapotelea chini ya ukingo. Nilishajua kabla hawajafukua. Pale nilishindilia mabonge yenye majani, sikuyakung'uta, nilikuwa nawahi nije huko. Majani yamesinyaa, pamebaki matundu.

Nyapara akauliza, "Hapa pa nani?" Hata Lusekelo hakucheka. Nikasema pangu.

Kubomoa na kushindilia upya ni siku nne. Ijumaa sitafika, dada. Mshike mkono wewe. Akiniulizia, mwambie palipovuja ni pangu, asimlaumu nyapara wa watu.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, na shangazi wa maandazi. Mama akifunguliwa kitambaa, niandikie ameona nini kwanza.

Mdogo wako mwenye udongo mpaka kwenye kucha,
Saidi