Vyeo Anavyonipa Baba

Kaka Nelson, shikamoo.

Huku Poli mvua imenyesha vizuri, ila upepo umeangusha migomba mitatu, na kahawa inaiva wakati mgongo wangu hauinami tena.

Baba anakula. Unajua alivyorudi kutoka vita vya Kagera na tepe tatu za sajini, fundi wa ndege za jeshi. Sasa akili yake imerudi hukohuko. Anaposahau jina langu, ananipa cheo. Mwanzoni nilikuwa koplo, ananituma maji na kunifokea. Baadaye akabandua tepe kwenye gwanda lake la zamani, akanibania kwa pini kwenye mkono wa sweta. Nilisahau kuzitoa nikaenda nazo sokoni Tengeru, akina mama wa ndizi wakanipigia saluti. Tulicheka, kaka.

Sicheki tena. Wiki hii amekata nyota kwenye kopo la maziwa, nimekuwa luteni, namzidi cheo. Hanifokei. Anasimama wima na magoti yale mabovu, wala haketi mpaka nimwamuru.

Jana alipiga saluti akasema, "Afande, naomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Nina watoto wawili, Nelson na Elieshi. Sijawaona siku nyingi."

Nikamwambia, "Ruhusa umepewa, sajini." Akavaa viatu, akakaa barazani kusubiri gari la jeshi mpaka jua likazama.

Usingoje Krismasi. Njoo kabla sijawa jenerali.

Mdogo wako,
Elieshi